Tumuenzi vipi mwalimu wetu wa Peace Corps?

Mtoto wa Makete

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri.

Nilisoma shule ya kata huko Makete. Sisi tuliosoma pale tunachangishana kumalizia maabara ya fizikia ambayo boma lake limesimama miaka mingi bila bati. Kwenye kikao kilichopita mwenzetu mmoja akapendekeza maabara ipewe jina la Mmarekani wa Peace Corps, shirika la Marekani linalotuma watu wa kujitolea nchi za nje, aliyetufundisha fizikia na hisabati. Kikao kikagawanyika. Wengine walisema mtu aliyefundisha miaka miwili tu hawezi kuwekwa mbele ya mwalimu wetu wa kemia, aliyetumikia pale mpaka anastaafu.

Ninayaelewa maneno yao, lakini huyu mwalimu sitaki asahaulike. Kabla yake fizikia tulikuwa tunainakili ubaoni tu. Yeye alifunga jiwe kwenye uzi wa kushonea, akalining'iniza mlangoni, tukahesabu linavyobembea kwenda na kurudi kwa saa ya simu mpaka tukapata mvutano wa dunia. Kanuni ya momenti, yaani jinsi uzito unavyosawazishwa pande mbili za egemeo, tulijifunza kwa rula ya mita, kamba na vifuko vya mchanga. Mtihani wa taifa ulipofika hatukuogopa maswali ya vitendo.

Na aliishi kama sisi. Maji alichota bombani, akapanda viazi nyuma ya nyumba yake, wazee akawasalimia "kamwene", salamu ya kwetu, kabla hawajamuwahi. Kanuni za Peace Corps zinawakataza kupanda pikipiki, kwa hiyo alitembea kwa miguu mpaka kwenye kituo cha basi, mvua iwepo isiwepo. Siku mwanafunzi mwenzetu alipofiwa na mama yake, alikaa msibani mpaka tukazika.

Sasa tumuenzi vipi bila kuwavunjia heshima walimu wetu wengine?

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, nimefundisha pamoja na vijana wawili wa namna hiyo. Wote walikuwa wachapakazi, lakini hakuna aliyefanya kazi peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa naeleza kwa Kiswahili pale Kiingereza chao kilipowashinda watoto wa kidato cha kwanza, na wao wakanionyesha namna ya kutengeneza vifaa. Jengo liacheni na jina la shule. Ukutani wekeni bamba lenye majina ya walimu wote wa sayansi pamoja na miaka yao. Mmarekani wenu aandikwe humo, kwenye miaka yake.

Msoma Historia

Naongezea kidogo. Rais Kennedy wa Marekani aliianzisha Peace Corps tarehe 1 Machi 1961, na Ghana na Tanganyika zikawa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea watu wake. Hapa kwetu waliletwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia kwa ajili ya barabara, hata Uhuru haujafika. Waliondoka 1969, wakarudi 1979. Wajapani nao wana vijana wao wa kujitolea, na hapa Tanzania wapo tangu 1967, kwa hiyo ulizeni vizuri msije mkaacha mtu.

Kuhusu siku ya kulizindua bamba: 5 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, ila shule zinakuwa zinakaribia kufunga au zimeshafunga. 1 Machi ni tarehe nzuri, lakini Makete mwezi wa tatu ni matope matupu. Fanyeni Julai muhula ukishaanza, wageni waje na makoti.

Mama wa Korogwe

Mimi nilimpokea binti mmoja wa Peace Corps nyumbani kwangu alipokuwa kwenye mafunzo, kabla hajapangiwa kituo. Nilimfundisha kupika ugali na kufua kwa mkono. Machi 2020 korona ilipoingia waliitwa wote, dunia nzima watu kama 7,000, wakarudishwa kwao. Hakupata nafasi ya kuja kuniaga. Alinipigia akiwa safarini, analia.

Ninachowaomba: huyo mwalimu mtafuteni sasa, angali hai. Wao wakirudi kwao hawajui kama walichofanya kilibaki. Watu wazima mliosoma kwake jirekodini, kila mmoja aseme anafanya kazi gani leo. Na kama yupo mama kijijini aliyekuwa anampikia au kumwangalia alipougua, siku hiyo akae kiti cha mbele.

Mtoto wa Makete

Asanteni sana, shikamooni wakubwa wangu.

Nimelipeleka wazo la bamba kwenye kundi letu, na waliokuwa wanapinga wamekubali. Mwalimu wa kemia ndiye atakayelifunua. Mama aliyekuwa jirani wa yule Mmarekani yupo bado, nimeongea naye kwa simu. Aliuliza kwanza kama kijana ameshaoa.

Kurekodi tumeanza: wawili ni wauguzi, mmoja fundi umeme Makambako, mmoja anafundisha fizikia Ludewa. Mwalimu mwenyewe bado tunamtafuta kupitia wenzake waliowahi kuhudumu Tanzania. Kama kuna anayemjua fundi mzuri wa kuchonga bamba la jiwe, Njombe au Makambako, naomba anitumie ujumbe. Tunahitaji majina kumi na moja.