Mamangu mkojo haubaniki tena, ni utu uzima tu au kuna la kufanya?

binti_pongwe: Habari za humu jamani. Mama ana miaka 67, kazaa sita wote kwa njia ya kawaida. Toka mwaka jana akikohoa au akicheka mkojo unamponyoka, na haja ikimbana anakimbilia chooni saa nyingine hafiki. Usiku ndo balaa, anaamka mara nne mara tano na choo kiko uani, naogopa ataanguka. Harusini haendi tena, safari ya Dar hataki hata kuisikia. Mwenyewe anasema ni uzee nimwache, afu maji hanywi eti asikojoe. Kinachomuumiza zaidi ni sala, anatia udhu akirukuu tu unatoka. Kuna dawa?

mama_Zai: Pole mdogo wangu. Kapimwe sukari kwanza na mkojo. Mamamkwe wangu tulimnunulia mizizi ya kila aina kumbe sukari iko juu.

nesi_mstaafu: Uzee unachangia ila sio jambo la kunyamaziwa. Hedhi ikishakoma homoni ya estrojeni inashuka, ngozi ya ndani ya njia ya mkojo inakuwa nyembamba na kavu, misuli ya nyonga nayo ilishalegea kwa uzazi, ndo maana akikohoa unatoka. Ile ya kukimbilia chooni ni kitu kingine, hapo kibofu kinajikaza kabla hakijajaa, na wamama wengi wanavyo vyote viwili. Maji asiache!! mkojo mzito unakiwasha kibofu na choo kigumu kinazidisha, apunguze tu masaa mawili matatu kabla ya kulala, na chai ya jioni aache.
Zoezi: akaze kule chini kama anazuia ushuzi (mnisamehe), ahesabu taratibu mpaka tano, aachie apumzike, mara 8 hadi 12, asubuhi mchana na jioni. Asikaze tumbo, asizuie pumzi. Wengi wanafanya wiki mbili wanasema halisaidii, lipe miezi mitatu. Na mwekeeni poti chumbani usiku asitoke uani. Akiona damu kwenye mkojo, au homa, au mkojo umegoma kabisa, hapo hospitali siku hiyohiyo.

kaka_wa_Chumbageni: Kuhusu sala asikate tamaa. Kwa sisi Shafii anayetokwa mfululizo anajisafisha, anavaa pedi, anatia udhu wakati ukishaingia na anaswali hapohapo, kila faradhi na udhu wake. Ila kama kuna muda unakata wa kutosha kuswali hukumu inabadilika, amuulize shehe wake.

nesi_mstaafu: Nimesahau kuuliza, ana presha? Miguu inavimba?

binti_pongwe: Presha anayo miaka mingi, na miguu jioni inavimba mpaka ndala zinambana. Dawa anakunywa saa mbili usiku akishakula.

nesi_mstaafu: Ahaa. Baadhi ya vidonge vya presha vinatoa maji mwilini, ukivinywa usiku utakesha chooni. Na yale maji ya miguuni akilala yanarudi kwenye damu figo zinayachuja, kwahiyo mchana alasiri ainue miguu juu ya mto kwa muda wa kama saa moja. Dawa usimwachishe wala usimbadilishie mwenyewe, nenda na pakiti zote umuulize daktari kama ni ya kukojoza na kama inafaa kuhamia asubuhi. Muulize na krimu ya estrojeni ya ukeni.

binti_pongwe: Nimezigeuza pakiti sasa hivi, moja imeandikwa hydrochlorothiazide. Ndo yenyewe?

nesi_mstaafu: Ndo yenyewe. Kliniki mpeleke wiki hii.