Je, laptopu inaweza kuendesha hedifoni za omu 250 bila amplifaya?

Mrekodi, Kisumu
Hamjambo wanajamvi. Mimi hurekodi wapigaji nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, hapa Kisumu na viungani mwake, kisha huhariri kazi yote kwenye laptopu. Hivi karibuni nilinunua hedifoni za Beyerdynamic DT 990 Pro, zile zenye ukinzani wa umeme wa omu 250, kwa kuwa nahitaji kuzisikia vyema njuga za gara na mlio wa oduong'o, ile pete ya chuma ya kidole cha mguu, inapogonga mti wa ala. Nikizichomeka moja kwa moja, sauti huwa ya chini hata nikiifungua hadi mwisho. Muuzaji ananishauri ninunue amplifaya, lakini fedha hizo ningependelea kuzinunulia maikrofoni ya pili. Je, ni kweli kwamba laptopu haiziwezi hedifoni hizi?

Fundi Sauti, Nakuru
Ndugu Mrekodi, tupige hesabu kwanza. Hedifoni hizo hutoa takriban desibeli 96 zikipewa miliwati 1. Laptopu nyingi zikifunguliwa hadi mwisho hutoa volti 1 hivi, na volti 1 kwenye omu 250 ni miliwati 4, yaani nyongeza ya desibeli 6. Kwa hiyo wimbo uliokamilishwa, ambao vilele vyake vinagusa ukomo wa sauti ambayo faili inaweza kubeba, utafika desibeli 102 kwenye vilele hivyo, na hata laptopu dhaifu ya nusu volti itafika 96. Kwa kuhariri, kiwango hicho kinatosha kabisa. Nashuku tatizo liko kwenye rekodi zenyewe: anayerekodi kwa uangalifu huacha nafasi ya desibeli 15 au 20 juu ya sauti ya kawaida ili pigo la ghafla la oduong'o lisipasuke, na nafasi hiyo ndiyo inayokupungukia masikioni. Ipandishe rekodi ndani ya programu ya kuhariri, kisha usikilize tena.

Mwalimu wa Muziki, Kakamega
Naafikiana na Fundi. Niongeze habari ya ukinzani wa tundu lenyewe la laptopu, ambao inapendekezwa usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa omu 250, hata tundu la omu 30 linakubalika. Visikizi vidogo vya omu 16 ndivyo vinavyotaka tundu lisilozidi omu 2, la sivyo uwiano wa besi na sauti za juu unaweza kubadilika. Hapo hedifoni zako, zinazoogopwa na wengi, ziko salama zaidi. Chomoa pia chaja unaposikiliza, na uzime maboresho ya sauti ya Windows, kwa sababu hayo hugeuza sauti unayojaribu kuipima kwa sikio.

Mrekodi, Kisumu
Asanteni sana. Nimeipandisha rekodi moja kwa desibeli 14, na gara inasikika waziwazi kabla sijafika mwisho wa sauti. Mvumo hafifu niliokuwa nikiusikia umetoweka nilipochomoa chaja. Je, kupandisha huku hakutaongeza kelele ya upepo?

Fundi Sauti, Nakuru
Upepo utapanda pamoja na nyatiti, lakini uwiano kati yao utabaki ule ule ulionaswa na maikrofoni. Endelea kurekodi kwa biti 24, yaani kwa vipimo vya sauti vya kina zaidi, kwa maana hapo nafasi unayoiacha juu haikupotezei chochote cha kusikika. Maikrofoni ya pili inunue.