Mrejesho: gari dogo lililoacha kuzima injini linaposimama

Wiki chache zilizopita niliwauliza kwa nini gari langu dogo, ambalo huzima injini lenyewe kwenye taa za barabarani, limeacha kufanya hivyo. Walionishauri nianze na betri walikuwa sahihi, nami nawashukuru kwa dhati.

Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, fundi alipima betri akakuta volti 12.1, ilhali betri iliyojaa husoma takriban 12.6; na kwa kuwa safari zangu nyingi ni fupi mno, altaneta (kifaa kinachochaji betri injini inapozunguka) haikuwa ikipata muda wa kuijaza. Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba betri niliyofungiwa kwenye sevisi iliyopita ilikuwa ya kawaida, si ya aina ya EFB au AGM inayostahimili injini kuwashwa mara nyingi kwa siku. Nimefunga EFB, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, na fundi akaiarifu kompyuta ya gari kwamba betri ni mpya, hatua ambayo baadhi ya magari huihitaji. Siku ya pili mfumo ulirudi kufanya kazi. Plagi za injini, ambazo nilikaribia kuzibadilisha bure, bado ni nzima.