Kompleksi ya shaba na saleni inatoka unga tu. Fuwele ya eksirei nitaipataje?

Mstari_wa_Rangi aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Nahitaji fuwele moja safi ya Cu(salen), yaani shaba iliyoshikwa na saleni, ya kupeleka kwenye difraktometa, mashine ya eksirei inayoonyesha mpangilio wa atomu. Ligandi (hiyo saleni inayoishika shaba) haina shida: mabapa ya njano yanayong'aa, yanayeyuka kwenye 126 °C. Nachemsha ligandi na asetati ya shaba kwenye methanoli, uwiano wa moli 1:1. Rangi inageuka kijani papo hapo, na kabla ya dakika tano unga mzito umeshashuka.

Unga unayeyuka kwenye DMF (kiyeyushi cha dimethilifomamidi). Nikiacha myeyusho wazi mezani wiki mbili, juu unapata ukoko na chini tope. Nikitumia mvuke wa etha, asubuhi yake nakuta unga laini. Chumba ni 31 °C, pwani, usiku hakuna kiyoyozi. Nakosea wapi?

Pipeti_Ndefu alijibu:

Mkuu, huo unga ni fuwele tayari, ila ni nyingi mno zilizozaliwa kwa mpigo. Zimegombania chakula kidogo na hakuna iliyoshiba. Kazi yako ni kupunguza mbegu, kisha kupunguza mwendo.

Anza na etha. Inachemka kwenye 34.6 °C, nawe unaiweka kwenye chumba cha 31 °C. Mvuke wake unaijaza chupa kwa muda mfupi, DMF inaunywa kwa pupa, na kompleksi inakosa pa kukaa. Maelekezo mengi yameandikwa kwa vyumba vya 20 °C. Badilisha, tumia methanoli, inachemka kwenye 64.7 °C, na umeshaona mwenyewe kwamba kompleksi haiipendi.

Yeyusha mg 10 kwenye ml 1.5 za DMF ikiwa na joto la 60 °C. Chuja kwa kichujio cha sirinji cha PTFE (Teflon), mikromita 0.45. Usitumie cha asetati ya selulosi, DMF inakiyeyusha na utakuwa umemimina plastiki ndani ya myeyusho wako. Weka ml 1 kwenye kichupa kipya, kwa sababu kila mkwaruzo wa kioo ni mahali pa mbegu kuanzia. Funika kwa foili yenye tundu moja la pini. Kisimamishe ndani ya chupa kubwa yenye ml 4 za methanoli, funga kifuniko barabara, usikiguse siku saba. Hata kukiinua kuchungulia ni kukitikisa.

Kuacha wazi mezani achana nako. DMF inachemka kwenye 153 °C, haina haraka ya kuondoka, lakini unyevu wa pwani inaunywa vizuri sana. Kinachokushushia tope ni maji ya hewani.

Tabaka_Tatu alijibu:

Nakubaliana na mwenzangu, lakini mimi ningeacha kabisa kutengeneza unga kwanza halafu kuusumbukia. Acha ligandi na shaba zikutane polepole, fuwele ikue hapo hapo zinapokutana.

Chukua testi tyubu nyembamba, kipenyo cha ndani sm 1 hivi. Chini weka mg 27 za ligandi (milimoli 0.1) kwenye ml 3 za dikloromethani. Katikati weka ml 2 za mchanganyiko mtupu wa dikloromethani na methanoli, nusu kwa nusu. Juu weka mg 20 za asetati ya shaba yenye molekuli moja ya maji (nayo ni milimoli 0.1) kwenye ml 4 za methanoli. Dikloromethani ni nzito, g 1.33 kwa ml, methanoli ni g 0.79, kwa hiyo tabaka zinakaa zenyewe mkono wako ukitulia. Inamisha tyubu, ncha ya pipeti iguse kioo, tone litambae ukutani. Mipaka miwili lazima uione kwa macho. Usipoiona umeshachanganya, mwaga uanze upya.

Baada ya siku moja au mbili utaona mkanda wa kijani katikati. Ukiwa na ukungu badala ya chembe zinazometa, punguza ukolevu kwa nusu na ongeza tabaka la katikati hadi ml 4. Tyubu iwe mbali na pampu na feni ya kabati la moshi.

Mlinzi_wa_Maabara alijibu:

Kabla hamjamshauri apunguze joto: chupa ya etha isiingie kwenye friji ya kawaida. Swichi ya ndani inatoa cheche, na mvuke wa etha unawaka kirahisi mno. Friji ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kemikali zinazowaka tu.

Ukitaka kupoza polepole bila friji, chupa ya chai inatosha. Kolesha DMF kwa unga wako kwenye 80 °C, chuja ikiwa moto kwa kichujio kilichopashwa, tia kwenye tyubu ya kifuniko cha kukaza, itumbukize kwenye chupa ya chai yenye maji ya 80 °C, ziba, acha siku mbili.

Mstari_wa_Rangi aliandika:

Shukrani sana wakuu. Njia ya tabaka imetoa vijiti vya kijani iliyokolea, urefu mm 0.3 hivi, vyenye kingo kali. Nimetoa viwili nikaweka juu ya karatasi ya kuchujia. Ndani ya dakika mbili vimepoteza mng'ao na kuwa kama chaki. Vimekufa?

Pipeti_Ndefu alijibu:

Hivyo viwili ndiyo, vilivyobaki kwenye tyubu bado. Hiyo ni dalili kwamba kiyeyushi kilikuwa sehemu ya fuwele. Kimetoroka, na mpangilio wa ndani umeporomoka. Usikaushe tena chochote. Vuta fuwele pamoja na myeyusho wake kwa pipeti ya mdomo mpana, dondosha moja kwa moja kwenye tone la mafuta mazito ya Paratone juu ya kioo cha hadubini. Ukiwa na polaraiza (vichujio vya mwanga vya hadubini), zungusha: kijiti kizuri kinazimika chote kwa pamoja kila nyuzi 90. Upande mmoja ukizimika na mwingine ukabaki unawaka, ni pacha, chagua kingine. Kirefu mno kikate kwa wembe humo humo ndani ya mafuta. Kutoka kwenye mafuta kiende moja kwa moja kwenye mkondo wa nitrojeni wa 100 K.

Kama mashine iko mji mwingine, jaza kichupa hadi shingoni ili fuwele zisigongane njiani. Msafirishaji lazima aambiwe ndani mna nini, methanoli inawaka. Akikataa, tuma ligandi na asetati zikiwa kavu pamoja na vipimo, wakuze huko huko.

Tabaka_Tatu alijibu:

Niongeze la kwenye mashine. Omba wapime selo (kipande kidogo kinachojirudia ndani ya fuwele) kwanza na waitafute kwenye hazina ya Cambridge ya miundo ya fuwele kabla ya kukusanya data yote. Ni dakika chache, na zinaokoa usiku mzima uliopotea kwenye ligandi iliyobaki. Kwa kompleksi ya shaba, eksirei inayotolewa na molibdenamu au na shaba zote zinafaa. Ukija na kobalti au chuma, omba molibdenamu, maana eksirei ya shaba inaziwasha metali hizo na picha inajaa ukungu wa nyuma.

Muundo ukifunguka, usiishie kwenye oksijeni mbili na nitrojeni mbili zilizo karibu na shaba kwenye 1.9 Å (angstromu). Angalia juu na chini ya bapa la molekuli. Cu(salen) inajulikana kukaa wawili wawili, oksijeni ya jirani ikiigusa shaba kwa umbali wa 2.4 Å hivi. Programu nyingine hazichori kiungo kirefu namna hiyo, kwa hiyo pima mwenyewe.