Naomba ushauri: miwani ya skrini badala ya kompyuta ya dukani

Wadau, hamjambo. Kompyuta ya mezani hapa dukani Mwembe Tayari imekwisha, na nataka pahali pake iingie miwani ya XREAL Air (huonyesha skrini ya simu mbele ya macho), simu ya Samsung Galaxy S yenye DeX, yaani mfumo wa kuitumia simu kama kompyuta, na kibodi ya bluetooth. Kazi ni ankara na hesabu za bidhaa tu.

Miwani hii haina betri, inanyonya umeme wa simu kupitia waya wa Type-C, basi simu huisha upesi. Tena tundu la simu lazima litoe picha. Galaxy A nyingi hazitoi. Zinachaji na kupitisha mafaili tu, hata ubadilishe waya mara ngapi. Kila jicho hupata pikseli 1920 kwa 1080, lakini maandishi ya pembeni hufifia miwani ikiteleza puani, na kwa jasho la kaskazi itateleza tu.

Nisaidieni: ni kigawio gani cha Type-C kinachopitisha chaji na picha pamoja, bila picha kukatika chaja ikichomekwa? Na lenzi za nambari, za kusaidia macho mabovu, za kutia ndani ya miwani hii, kuna fundi wa miwani Mombasa anayezichonga? Joto la simu pia lanitia wasiwasi, maana feni haifiki kaunta.