Boya na nyungunyungu Mto Sabaki: ndoana ipi, tangisi (uzi wa nailoni) ya unene gani?

Mwana wa Mambrui
Assalam aleikum ndugu zangu. Navua kwa ufito na boya juu kidogo ya daraja la Sabaki, karibu na Malindi, pale maji yanapozunguka polepole chini ya kingo za udongo. Chambo ni nyungunyungu wa mgombani, wanene na wekundu. Jumamosi jioni nilisimama ukingoni mwa maji, nikaanza na ndoana namba 4 ya shingo fupi. Boya linatikisika, linalala, likizama nikivuta natoa ndoana tupu, chambo kimeliwa kuanzia mkiani. Nikabadili kuweka namba 10, nikapata tilapia wawili wa kiganja. Halafu akaja kambare, akaikata tangisi ya milimita 0.20, uzi mmoja tu toka ufito mpaka ndoana, kama uzi wa cherehani.

Dukani kuna ndoana za shingo ndefu namba 8, zenye vijino mgongoni mwa shingo namba 6, na za duara namba 1. Nyuzi ni tangisi ya 0.20, ya 0.35, na uzi wa kusuka. Pesa yangu inatosha aina mbili za ndoana na uzi mmoja. Nisaidieni kuchagua.

Fundo Tano
Waaleikum salaam kaka. Kwanza tilapia. Mdomo wake ni mdogo, naye hamezi kama kambare, hudonoa na kuvuta. Ukimwekea namba 4 anamla nyungunyungu pembeni mwa chuma. Kumbuka namba zinakwenda kinyume: 10 ni ndogo kuliko 8, na 8 ni ndogo kuliko 4, mpaka ufike 1, halafu ndoana zinaendelea kukua kwa 1/0, 2/0.

Mimi nachukua shingo ndefu namba 8 bila kusita. Nyungunyungu ni mrefu, na shingo ndefu inakupa mahali pa kumvisha kama soksi. Anzia kichwani, mpandishe mpaka karibu na tundu la kufungia uzi, umwache mkia wa urefu wa ukucha wa kidole gumba ukining'inia. Ukiacha mkia wa inchi mbili umempa tilapia chakula cha bure, na hicho ndicho kilichokupata. Jambo la pili: samaki akimeza, shingo ndefu unaishika kwa vidole na kuichomoa bila kumpasua.

Sasa tangisi, maana hapo ndipo naona kosa lako kubwa. Wewe umefunga uzi mmoja kutoka nchani mwa ufito mpaka kwenye ndoana. Nunua 0.35 iwe mshipi mkuu, ubebe boya na risasi ya kuzamisha chambo. Mwishoni funga kipande cha dhiraa moja cha ile 0.20 uliyobakiwa nayo, ndicho kibebe ndoana. Ukikwama kwenye mizizi kitakatika hicho kipande tu, na boya lako linarudi nyumbani.

Na fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza. Pitisha uzi kwenye tundu, uzungushe juu ya uzi mkuu mara tano, rudisha ncha kwenye kitanzi kilicho jirani na tundu, lowanisha, kisha vuta taratibu. Fundo likikazwa kavu linajichoma kwa msuguano. Angalia kipande kilichokatika Jumamosi: kama ncha yake imejikunja kama nywele iliyoungua, hukukatwa na kambare, lilikuwa fundo.

Binti Shela
Nakubaliana na Fundo Tano kuhusu mshipi mkuu, ila kwenye ndoana nina neno. Namba 8 ya shingo ndefu huwa ya waya mwembamba. Kambare wa kilo mbili akigeuka nayo inanyooka. Nimeiona mkononi mwangu, imefunguka kama pini ya nywele.

Mwenye kununua aina mbili angechukua ile ya vijino namba 6 iwe ya pili. Vile vijino humzuia nyungunyungu asiteleze akajikusanya kwenye mkunjo. Maji ya Sabaki yanakwenda, na chambo kilichojikunja donge samaki hukiacha. Kasoro yake ni kwamba nyungunyungu mwembamba anapasuliwa navyo. Kwa wanene wako wa mgombani inafaa.

Ami wa Mpeketoni
Wanangu, habari za huko. Mimi ni wa Ziwa Kenyatta, na kambare nimewavua tangu nywele zikiwa nyeusi. Mwana wa Mambrui, ikiwa unamtaka kambare kwa makusudi, usiidharau ile ya duara. Vijana huikataa kwa sababu wanaivuta kwa ghadhabu boya likizama, inatoka mdomoni tupu, wanasema mbovu. Ndoana ya duara haitaki kushtuliwa. Boya likizama na kuanza kwenda, inua ufito polepole, ukaze uzi, basi. Yenyewe inageuka na kushika pembe ya mdomo. Samaki hapasuki matumbo, na yule mdogo unamrudisha akiwa mzima.

Mvishe nyungunyungu watatu au wanne, wapitie katikati ya mwili, ncha zote zicheze. Ncha ya ndoana iache wazi. Ukiifunika kwa chambo haitashika kitu. Wala usiifunge kwenye 0.20. Kambare hana meno ya kukata, ana ubao wa meno madogo kama msasa, na uzi mwembamba unasagika humo. Funga moja kwa moja kwenye 0.35.

Na hilo la kusimama ukingoni mwa maji jioni, mwanangu, liache. Kama ziwani kwetu, Sabaki ina viboko, na juu huko mamba. Ufito mrefu unakuruhusu kusimama hatua kadhaa nyuma. Usilingoje giza.

Jeti Asubuhi
Kuhusu uzi wa kusuka: ni imara kuliko tangisi ya unene uleule, lakini haunyumbuki. Kwa ufito usio na gurudumu, mnyumbuko wa tangisi ndio unaopokea ule mshtuko wa kwanza. Uzi wa kusuka utamng'oa tilapia mdomo. Tena ukisugua jiwe unakatika upesi. Uache dukani.

Tangisi nayo usiianike juani, jua huiua. Pitisha vidole kwenye mita mbili za mwisho kila baada ya samaki, ukihisi ukwaruzo kata utupe.

Halafu, ukishuka mdomoni mwa mto bahari ikijaa, nyungunyungu hatafaa. Kwenye maji ya chumvi analegea na kupauka mara moja. Huko tumia kamba wa baharini au minyoo ya pwani inayofukuliwa maji yakipwa, na ndoana zako zisuuze kwa maji yasiyo na chumvi ukirudi, la sivyo kesho zina kutu.

Mwana wa Mambrui
Shukrani ami, na nyote. Nimetoka mtoni sasa hivi. Nilinunua shingo ndefu namba 8, za duara namba 1, na tangisi ya 0.35. Binti Shela, zile za vijino nitazichukua mwezi ujao.

Kile kipande cha Jumamosi nilikikuta bado kwenye ufito. Ncha imejikunja vilevile kama alivyosema Fundo Tano. Lilikuwa fundo langu.

Leo boya nimetengeneza kwa mwiba wa nungunungu, nikalipimia uzito wa risasi mpaka ibaki juu ncha ya urefu wa punje ya mchele. Tilapia saba kwa namba 8, na mkia mfupi. Saa kumi hivi nikafunga ya duara. Mwiba ukalala, ukasimama, ukaenda upande kama unavutwa na mtoto. Mkono ulitaka kushtua, nikauzuia. Nikainua taratibu. Kambare wa urefu wa mkono mpaka kiwiko, ndoana imekaa pembeni mwa mdomo, nimeitoa kwa vidole viwili.

Swali moja limebaki: mvua za masika zikiufanya mto mwekundu kabisa, mwasogeza boya juu au chini?

Ami wa Mpeketoni
Maji yakichafuka samaki huja kingoni. Shusha boya upunguze kina, chambo kiguse chini kwa shida, na uongeze nyungunyungu mmoja. Harufu ndiyo itakayomleta.