Laptopu imekuwa konokono baada ya apdeti: niongeze RAM, niweke SSD au ninunue nyingine?

Mzee wa Steshenari
Wakuu habari za majukumu. Nina laptopu ya kazi hapa ofisini, Ijumaa ilijiapdeti yenyewe na tangu siku hiyo imekuwa mzigo, kuwaka tu dakika kumi na kitu, Word ukiibonyeza unakunywa chai unamaliza unarudi bado kile kiduara kinazunguka. Mteja anakuja na barua ya kuchapa anasubiri weee mwisho anavuka barabara kwa jirani. Nina laki na nusu mkononi. Kuna mtu kanishauri niongeze RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, mwingine kasema SSD, shemeji yangu anasema nijichange ninunue nyingine, used ya Dubai. Nishike lipi? Nawasilisha.

Kidume wa Gombo
Laptopu gani mkuu? Au tupige ramli?

fundi_asiye_na_duka
Leta sifa kamili. Prosesa, RAM ngapi, diski ni HDD (ile ya kuzunguka) au SSD (ya chipu, haizunguki), Windows ya ngapi. Halafu bonyeza Ctrl+Shift+Esc utuambie kwenye Disk panasoma asilimia ngapi.

Mzee wa Steshenari
Ni i5, nyeusi.

Kidume wa Gombo
Rangi imetusaidia sana 😂😂

fundi_asiye_na_duka
i5 zipo za 2010 na zipo za juzi mzee wangu. Angalia ile stika au ingia kwenye About.

Mzee wa Steshenari
Samahanini nilikuwa na wateja. i5-6200U, RAM 4, HDD ya 500, Windows 10. Disk inasoma 100% muda wote na sijafungua kitu, CPU haifiki hata 15. Halafu nilisahau kusema, hii mashine haikuwa inaingia mtandaoni kama miezi nane hivi, ni kuchapa na kuprinti tu. Ijumaa akaja binti wa kujaza fomu ya mkopo wa chuo, nikaiwashia hotispoti ya simu, ndo ikaanza kushusha mizigo yake kimya kimya. Bando la GB 6 la wiki likakata binti hajafika hata ukurasa wa pili.

fundi_asiye_na_duka
Si ungeanza na hayo. Jibu umelitaja mwenyewe hapo kwenye 100%.

Iko hivi, HDD za laptopu nyingi zinazunguka mara 5400 kwa dakika, faili moja kubwa inasoma kama MB 100 kwa sekunde, ila ikikutana na vifaili vidogo vidogo maelfu kasi inaporomoka maana kile kichwa kinahangaika huku na huku. Sasa wewe umeipa apdeti za miezi nane kwa mkupuo. Hata ikikwambia imemaliza, nyuma ya pazia bado inafungua, inapanga upya, inaorodhesha mafaili, antivirusi nayo inakagua kila kilichoingia. Na RAM 4 ikijaa, kinachozidi kinatupwa kwenye diski hiyo hiyo ambayo tayari imeelemewa. SSD ya kawaida ya SATA inagonga MB 500 na haina kichwa cha kurukaruka. Kwa hiyo SSD kwanza, mengine baadaye. Ila kabla hujatoa hata mia, iache imewaka usiku kucha ikiwa kwenye intaneti, imalize kazi zake.

Baba Rama
Nabisha. RAM 4 mwaka huu? Ukifungua Chrome tabu tano tu imekwisha, unaweka SSD mpya halafu unaichosha kwa kuitupia kinachozidi kwenye RAM. Mimi naongea kwa kuona, niliongeza 8 kwenye ya kwangu ikaamka kama imenyunyiziwa maji.

fundi_asiye_na_duka
Ya kwako ilikuwa na HDD au SSD?

Baba Rama
SSD. Lakini hoja ipo palepale.

fundi_asiye_na_duka
Haya. Mzee, ukienda kwenye RAM usinunue kwa mdomo. Prosesa ya kizazi cha 6 kama hiyo yako, kuna laptopu zinazokula RAM ya aina ya DDR3L na kuna zinazokula DDR4, haziingiliani, mkato wa pini uko tofauti. Fungua mfuniko uangalie iliyomo.

Mama Wawili
Naombeni niseme kitu kuhusu kupeleka kwa mafundi maana hapa mnamwambia mtu fungua, badilisha, kirahisi tu. Mwaka juzi laptopu yangu ilianza hivihivi, nikaipeleka kwa kijana mmoja mwenye kameza pembeni ya stendi. Akaipuliza vumbi kwa mdomo mbele yangu, na mate nikayaona kabisa yanaruka, skrubu akaziweka kwenye kizibo cha soda. Akaniambia dada nenda sokoni ukirudi imepona. Nilimwambia kwa kinywa changu hiki kuwa diski D ina hesabu za kikoba, wanachama ishirini na sita, miaka mitatu, asiiguse. Narudi, kweli ipo mbio, inawaka chap. Nafungua, D hakuna. Nikamuuliza D iko wapi akasema nimekuunganishia zote ziwe moja upate nafasi. Nilikaa chini pale pale kwenye ndoo. Hisa, mikopo, nani kalipa nani hajalipa, vyote vimekwenda, ikabidi tukae jumamosi tatu kila mtu anakumbuka la kwake, na unajua watu wakikumbuka wenyewe madeni yanapungua. Kuna mmoja hadi leo anasema alimaliza. Na kwenye kizibo skrubu mbili zilibaki, akasema hazina kazi.

Kidume wa Gombo
"Watu wakikumbuka wenyewe madeni yanapungua" 😂😂 pole sana dada

Mzee wa Steshenari
Duh. Mimi nina barua za wateja za tangu nianze. Kopi sina.

fundi_asiye_na_duka
Nunua flashi leo. Leo. Kisha shusha CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kupima afya ya diski, ikikuandikia Caution ujue polepole yako sio apdeti tu, diski inakufa.

Penguini
Mbona hamumwambii ukweli? Windows 10 msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha 8 pamoja na chipu ya usalama, TPM 2.0, yeye ana cha 6. Anatengeneza nyumba ya kupanga. Weka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, bure, nyepesi, na haijiapdeti mpaka uibonyeze.

Baba Rama
Mteja akija na faili la Publisher atafungulia nini, hiyo Mint yako?

Penguini
Kuna LibreOffice, inafungua mpaka Publisher.

Baba Rama
Inafungua ndiyo, halafu jedwali la CV linahamia ukurasa wa pili mteja anadhani wewe ndo hujui kazi.

Bi Mkunazini
Samahani natoka nje ya mada, kwani hiyo "apdeti" ndo nini? Neno lipo, sasisho, linatokana na sasa. Programu inasasishwa.

Kidume wa Gombo
Bibi nenda kwa muuza duka mwambie nataka sasisho, atakupa sosi.

Bi Mkunazini
Wewe simu yako hapo ukiiweka Kiswahili inaandika nini?

Kidume wa Gombo
Sijawahi kuiweka Kiswahili.

Bi Mkunazini
Basi.

Mdau Kimya
Kwani asiiondoe tu hiyo apdeti? Kama ilibadilisha toleo kuna sehemu ya kurudi nyuma ndani ya siku 10, kama ni za kila mwezi unaiondoa kwenye orodha.

Mzee wa Steshenari
Nimejaribu inakataa. Labda kwa sababu siku ile ilipofika asilimia sitini na kitu umeme ulikatika.

fundi_asiye_na_duka
ULIKATIKA? Na betri je?

Mzee wa Steshenari
Betri ilishakufa mwaka jana, ukichomoa waya tu inazima.

fundi_asiye_na_duka
Mzee hilo ndo la kwanza kusema. Imezima katikati ya apdeti, lazima iumwe. Hamisha mafaili, weka SSD, piga Windows upya kwenye SSD mpya, HDD ya zamani usiifometi.

Baba Rama
Na RAM.

Mzee wa Steshenari
Mrejesho. Flashi nimenunua, barua zimehamia. SSD ya 256 duka moja wananiambia 75,000, lingine 60,000 ila haina boksi. Jana nikasema kabla ya kutoa hela nifuate ule ushauri wa kuiacha usiku kucha, nikaunga bando jipya, nikafunga ofisi. Asubuhi nafungua, giza. Luku iliisha.

Kidume wa Gombo
😂😂😂 nunua betri mzee

Baba Rama
Hiyo ya 60,000 isiyo na boksi usichukue. Nina RAM ya 8 DDR4 hapa imetumika kidogo, njoo inbox.